Mama alisema tumwombee, mume wangu anasema amelala

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kigoma mjini na nauza mawese na dagaa soko la Mwanga. Nyumbani kwetu ni Kasulu, kwenye familia ya Kikatoliki hasa. Baba alikuwa katekista. Mama alikuwa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, mpaka miguu ilipokataa kumbeba. Kwetu mkiamka ni rozari, mkilala ni rozari.

Mwaka 2014 niliolewa na Msabato. Hakunilazimisha, na hilo naomba watu walijue. Nilisoma Biblia na watu wa kanisa lake miaka miwili, nikaamini mwenyewe, nikabatizwa hapa ziwani mwaka 2016. Ndugu zangu walikasirika, hakuna aliyekuja ila mama. Alikuja siku moja kabla akalala kwetu. Asubuhi alikaa ufukweni peke yake, mbali kidogo na waimbaji. Nilipotoka majini nikitetemeka, nilimwona anakuja mpaka maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu. Akavua kanga ya juu, akanifunika. Alisema, "Njoo, utapata baridi." Hakusema neno lingine la dini siku ile, wala miaka yote iliyofuata. Hili sijawahi kumsimulia mtu.

Mama amefariki mwaka jana, kwa kisukari. Siku tatu kabla hajaondoka alitushika mikono, mimi na kaka yangu mkubwa, akasema, "Nikifa msiniache. Mniombee." Kaka akanyamaza. Mimi ndiye niliyejibu, "Sawa mama, tutakuombea." Shangazi, "sawa" hiyo hainipi usingizi.

Sasa mwaka unatimia. Kaka amepanga misa ya kumwombea mama, halafu twende makaburini padri abariki kaburi na msalaba. Kila mtoto ameambiwa atoe shilingi 150,000. Siku iliyopangwa ni Jumamosi asubuhi, na mimi ni Msabato, tena nafundisha watoto Shule ya Sabato. Mume wangu anasema kaburi tutalijengea, hata saruji atanunua yeye, lakini misa hapana. Anasema, "Mama amelala, hajui neno lolote. Ukipiga magoti pale utakuwa unatenda jambo ambalo moyo wako hauliamini." Kaka naye ananipigia simu, "Mama yuko toharani anakungoja wewe, unamwacha ateseke kwa ajili ya mume." Juzi jirani yangu pale sokoni, mlokole, akaniambia kama mama hakuokoka basi hakuna cha toharani wala cha usingizi, ameshahukumiwa. Nilikuwa nampimia mawese. Nikamwaga nusu chupa mezani.

Kinachoniumiza zaidi ni binti yangu wa mwisho, ana miaka 6. Baba yake alimwambia Bibi amelala, Yesu atamwamsha. Mama yake mdogo akamwambia Bibi yuko mbinguni anamwona. Tangu hapo mtoto hataki kulala. Usiku anakuja kitandani kwangu, ananishika kope za macho kwa vidole ananifumbua, anasema, "Mama, usilale kama Bibi."

Naomba uniambie: mama yangu yuko wapi? Niende Kasulu au nisiende? Na mtoto nimwambie nini?

Binti wa katekista, Kigoma

*

Marahaba mwanangu. Pole. Pole kwa mama, na pole kwa mwaka mzima wa kuvutwa huku na huku hata hujapata nafasi ya kumlilia.

Umeniuliza mambo matatu, nami nitaanza na la mwisho, kwa sababu huyo mdogo hawezi kungoja watu wazima wapatane.

Vidole vile juu ya kope zako havina habari na Usabato wala Ukatoliki. Mtoto wa miaka 6 akisikia "amelala" anaelewa kulala anakokujua yeye, kitandani, taa ikizimwa. Bibi alilala, akafukiwa, na hakuna aliyemwamsha. Hivyo kila jioni ukimwambia "nenda kalale", anasikia jambo la kutisha mno. Hata lile la mama yake mdogo linaweza kumchanganya, kwa kuwa anajiuliza kama Bibi anamwona, mbona haji.

Mwambie kwanza neno lenyewe: Bibi amekufa. Usiogope kulitamka. Mwambie mwili wa Bibi uliugua sana ukaacha kufanya kazi, hapumui tena, hali, haumwi, hasikii baridi. Mwambie kulala kwa usiku ni kitu kingine, moyo unadunda, pumzi inatoka, asubuhi tunaamka tunakunywa uji. Mwekee mkono wake kifuani kwako ausikie moyo, halafu kifuani kwake mwenyewe. Fanya hivyo kila usiku, hata kwa wiki kadhaa, bila kumkaripia. Akishaelewa hilo ndipo umweleze imani: "Sisi tunaamini Yesu atamwita Bibi naye atafufuka." Na akiuliza kuhusu maneno ya mama yake mdogo, mwambie mama mdogo anampenda Bibi na anaamini yuko kwa Mungu. Mtoto anaweza kuishi na imani mbili za watu wanaompenda. Kinachomshinda ni kuona watu hao wakirushiana maneno juu ya kichwa chake. Kama miezi itapita na hofu haipungui, mpeleke kwa daktari au mwalimu mwenye moyo wa watoto.

Sasa mama yuko wapi. Mwanangu, hilo sina mamlaka ya kukujibu, na ningekujibu ungekuwa mtu wa nne kukuburuta. Lakini nimeona kila aliyesema nawe amekupa kipande cha imani yake, tena kile chenye ncha. Ngoja nikueleze vipande vilivyobaki.

Kaka yako anasema mama anateseka kwa sababu yako. Baba yenu, kama katekista, asingefundisha hivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 1030, inasema wanaokufa katika neema na urafiki wa Mungu, ila wakiwa hawajatakaswa kikamilifu, wana hakika ya wokovu wao wa milele. Umesoma hapo? Wana hakika. Toharani, kwa Mkatoliki, si gereza la kusubiria hukumu wala njia panda ambapo mtu anaweza kuangukia motoni watoto wake wakisahau. Ni watu waliokwisha kuokolewa, wanatakaswa kabla ya kumwona Mungu. Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake Spe Salvi wa mwaka 2007, alitaja wanateolojia wanaoona kuwa moto wenyewe unaotakasa ni Kristo, mtu anapokutana naye uso kwa uso. Kumwombea marehemu ni tendo la upendo, na Wakatoliki wanalisimamisha juu ya kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12, ambapo Yuda Makabayo alichangisha drakma 2,000 za fedha akazipeleka Yerusalemu, sadaka itolewe kwa ajili ya askari waliokufa. Kitabu hicho kimo katika Biblia ya kaka yako yenye vitabu 73, hakimo katika yako yenye 66. Kwa hiyo mkibishana kwa maandiko, hamjashika kitabu kile kile.

Mume wako naye, ukimsikia katikati ya hasira, unaweza kudhani anasema mama amepotea. Sivyo Wasabato wanavyofundisha. Wao wanaanzia Mwanzo 2:7, udongo na pumzi ya uhai, mtu akawa nafsi hai. Pumzi ikirudi kwa Mungu, hakuna kipande cha mtu kinachobaki kikitembea na kuona. Ndiyo Mhubiri 9:5, "wafu hawajui neno lo lote". Na ndiyo Yesu juu ya Lazaro: "Rafiki yetu, Lazaro, amelala, lakini ninakwenda nipate kumwamsha." Kwa imani hiyo mama hangoji kwa uchungu, wala hahesabu miaka. Kwake, kufumba macho pale hospitali na kuisikia sauti ya Kristo vitakuwa kama dakika moja. Wala Wasabato hawaamini kuwa Mungu anawachoma watu milele. Basi hata katika imani ya mume wako, mama hateseki popote leo.

Na usimwone mkaidi bure. Wasabato wanashika sana fundisho hili kwa sababu wanaona ndilo linalofunga mlango wa mizimu. Ukikubali kwamba marehemu anasikia na anahitaji kitu kwetu, wao wanasema, kesho atakuja mtu kukuambia marehemu anadai mbuzi. Wewe umekulia Kasulu, unajua hofu hiyo haikuzuka hewani. Kanisa Katoliki nalo linakataza kuwaita wafu na kuwauliza mambo, lakini mumeo anaona misa ya wafu iko karibu mno na mlango huo. Muulize kama ndicho anachoogopa. Huenda mmekuwa mkigombania kitu ambacho hajakitaja.

Jirani yako wa mawese nampitia haraka. Wapentekoste wengi huamini roho huenda moja kwa moja kwa Bwana au mbali naye, na wana maandiko yao. Paulo aliwaandikia Wafilipi kuwa anatamani kwenda zake na kukaa na Kristo. Lakini kuamini hivyo ni jambo moja, na kumtamkia mfiwa hukumu ya mama yake juu ya meza ya biashara ni jambo lingine. Hukumu ile haikuwekwa mkononi mwake.

Nisingependa uniambie, "Shangazi, basi wote wanasema kitu kimoja." Hapana, wanatofautiana kweli. Mmoja anasema mama yuko hai mbele za Mungu na sala yako inamfikia kwa namna fulani. Mwingine anasema hayupo mahali popote pa kufikiwa mpaka siku ya ufufuo. Yako maandiko ambayo ubishi wake ni mkato tu: "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Wasabato wanasema "leo" inakwenda na "nakuambia", wengine wanasema inakwenda na "utakuwa pamoja nami". Na Kigiriki cha kale kiliandikwa bila mikato. Waumini wamehangaika na hili zamani sana. Papa Yohane wa 22 alihubiri Avignon mwaka 1331 kwamba roho za watakatifu hazitamwona Mungu waziwazi kabla ya siku ya mwisho. Ukatokea mtafaruku, akaliacha fundisho hilo akiwa katika kitanda cha mauti mwaka 1334, na aliyemfuata, Benedikto wa 12, akatangaza rasmi mwaka 1336 kwamba wanamwona mara baada ya kufa na kutakaswa. Kama papa alihangaika nalo hivyo, wewe usijione mpungufu wa imani kwa kukosa usingizi.

Lakini katikati ya hayo yote kuna neno ambalo baba yenu alikufundisha na hujaliacha. Alikufundisha kusema "nasadiki ufufuko wa miili, uzima wa milele." Mume wako anahubiri ufufuo huo huo. Mimi nimelelewa Kimoravian kule Tabora, na siku niliyoipenda utotoni ni Pasaka. Tunaamshwa kungali giza, tunakwenda makaburini tukiimba, jua linatukuta pale katikati ya misalaba. Wamoravian walianza desturi hiyo Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Hatukuwaombea wafu na hatukubishana walipo. Tulisimama nao tu kungoja asubuhi. Sikuambii haya ili uwe Mmoravian. Nakuambia kwa sababu unaogopa kwamba ukisimama kwenye kaburi la mama utakuwa umechagua upande. Je, ni lazima iwe hivyo?

Turudi kwenye "sawa" yako. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nakwama kwenye maneno ya mama. Alisema mawili: "Msiniache" na "Mniombee." Wewe umebaki na la pili tu. Na alipokuwa anayasema, alikushika mkono akijua vizuri wewe ni nani. Ubatizo wako aliuona kwa macho yake. Je, alikuomba urudi kuwa Mkatoliki kwa asubuhi moja? Au alikuomba usikatike na ndugu zako, usiache jina lake lipotee midomoni mwenu? Sijui, mwanangu, na sitaki kumsemea marehemu. Pengine alimaanisha misa kabisa, maana alikuwa WAWATA. Ila wewe uliishi naye, utajua kuliko mimi.

Kuhusu safari, nakuona una njia kadhaa, na hakuna isiyo na gharama.

Unaweza kwenda na kukaa kanisani pamoja na ndugu zako. Kuhudhuria si kukiri. Hutapanda kupokea komunyo, hakuna anayekutazamia. Kutakuwa na sala, "Raha ya milele umpe ee Bwana... apumzike kwa amani." Unaweza kunyamaza hapo, na ukimya huo ukawa wa heshima. Hatari yake ni mbili. Mumeo anaweza kuona umempita, hasa ukienda bila kuelewana naye. Na dhamiri yako inaweza kukuuma. Paulo aliposema juu ya vyakula katika Warumi 14, hakuwadharau wenye dhamiri inayouma. Usiikanyage yako ili kuwaridhisha watu.

Unaweza kuiacha misa ukawangoja makaburini. Hapo utamwaga maji, utaweka maua, utakula nao chakula. Ila jiandae, kuna atakayesema, "Umekuja kula tu." Hilo litauma, kaka asipokuwa ameelezwa mapema kwa mdomo wako.

Unaweza usiende kabisa, ukaenda siku nyingine na mumeo na watoto. Dhamiri itatulia. Lakini ndugu zako wataandika siku hiyo mioyoni, na miaka kumi baadaye itatajwa kwenye kikao cha harusi. Unawajua.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona kama mmelijaribu. Mmemwomba kaka abadilishe siku? Misa ya marehemu yaweza kuadhimishwa siku nyingine ya juma, na nia ya marehemu yaweza kuombewa hata Jumapili. Pengine alichagua Jumamosi kwa sababu ya wenye ajira tu, hakukusudia kukukomoa. Ukimpigia usianze na toharani. Anza hivi: "Kaka, shikamoo. Nataka kuwepo. Nisaidie niwepo." Anaweza kukataa, na kukataa kutakuumiza. Lakini hata hapo utakuwa umemwonyesha kwamba hujamwacha mama.

Ile 150,000 nayo mwambie wazi unatoa kwa ajili ya nini. Kama sadaka ya misa inakukwaza, sema sehemu yako iende kwenye saruji, msalaba na chakula cha watu. Fedha iliyotolewa kwa kunung'unika huzaa maneno. Halafu mtafute mchungaji wako, umuulize hasa: tatizo ni kukaa ndani ya kanisa lile, ni kuomba sala ile, au ni siku ya Sabato? Huenda jibu lake likawa jepesi kuliko unavyodhani, au likawa zito, lakini angalau utaacha kukisia.

Na wewe je, umelia? Katika barua nzima umemwaga mawese tu. Akielekea kaburini kwa Lazaro, muda mfupi kabla hajamfufua, Yesu alilia machozi. Alijua yuko wapi, akalia.

Kabla hujazungumza na mumeo habari za Jumamosi, mkae jioni moja watoto wakishalala, umsimulie habari ya kanga. Yeye siku ile pengine alikuwa katikati ya waimbaji, hakuona. Umesema hujamwambia mtu. Na kaka yako naye hakuwepo ufukweni.

Shangazi